Tepe Mbili za Daraja la Mshikamano

Nchi yetu siitaji jina, na si kwa woga. Jina lake jipya bado halijazinduliwa, na kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo, hata kama umejikwaa nacho ukang'oka ukucha. Bomba letu la maji lilikaa kavu mpaka Mheshimiwa alipokuja kulifungua. Fundi alikuwa ameamriwa kuyabana maji kule kwenye tangi, na maji yenyewe, kwa kuwa ni ya kizalendo, yakatulia. Choo cha soko kilifungwa kwa kufuli msimu mzima huku wachuuzi wakikimbilia migombani. Siku Naibu Waziri alipopata nafasi alikuja na msafara, akahutubia, akakata utepe, akaingia, akatoka, akapigiwa makofi. Wapo watu wa nchi jirani wanaotucheka kwa mambo haya. Ni wivu tu, kwa sababu wao hawana Wizara ya Uzinduzi.

Mimi nakodisha viti na maturubai. Kwa kazi hiyo nimehudhuria kila jambo lililotokea wilayani kwetu, pamoja na mengi ambayo hayakutokea lakini yalizinduliwa. Watu huniita Mjomba Viti. Nasema haya mapema ili msije mkadhani nawasimulia ya kuambiwa, maana nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Kisa chenyewe ni cha vijana wawili waliotaka kuoana, jambo ambalo njiwa hulimaliza asubuhi moja bila kamati.

*

Zamani mto wetu ulikuwa na mawe makubwa yaliyochomoza majini. Ukoo wa Mtengeti ulikaa mashariki, ukoo wa Chambulo magharibi, na watu walirukaruka juu ya mawe hayo kwenda kuombana chumvi, moto na wachumba. Wakuu wa koo hizo, Mzee Burhani Mtengeti na Mzee Zuberi Chambulo, walitahiriwa siku moja na ngariba mmoja, na kila mmoja alidai kwamba aliyelia ni mwenzake. Huo ulikuwa utani. Ugomvi tuliletewa na maendeleo.

Serikali iliamua kutujengea daraja, nalo likapewa jina la Daraja la Mshikamano kabla halijapewa hata mfuko wa saruji. Siku ya kuweka jiwe la msingi tuliletewa mshereheshaji kutoka mji mkuu, kijana wa suti, mwenye sauti ya asali. Sasa ni lazima nieleze desturi yetu. Kwetu mtu hawezi kuhutubia bila kwanza kutambua uwepo wa wakubwa, mmoja mmoja, kwa mpangilio wao. Hata nyumba ikiwaka moto, mwenye adabu hutambua kwanza uwepo wa waliomo ndani, ndipo apige yowe.

Basi yule kijana akamtambua Mheshimiwa Waziri, akamtambua mke wa Waziri, akamtambua dereva wa Waziri, akaendelea hivyo mpaka akasema, "Natambua uwepo wa mzee wetu, Mzee Zuberi Chambulo, na wengine wote, itifaki imezingatiwa."

Mzee Burhani alikuwa amevaa kofia mpya ya viua. Alikuwa ameshanyanyua makalio kitini, tayari kusimama na kupunga mkono. Akabaki hivyo hivyo, hajasimama wala hajakaa, mtu mzima na mvi zake, akiwa mmoja wa wengine wote. Nilimwona vizuri maana kiti kilikuwa changu. Kisha akaondoka bila kula pilau.

Jioni ile alituma ujumbe kwamba Zuberi amemhonga mshereheshaji. Mzee Zuberi akajibu kwamba mtu mwenye cha kutambuliwa hutambuliwa. Kuanzia hapo hawakuzikana wala hawakujuliana hali. Vijana wa pande mbili walivunjana meno minadani. Ghala la mahindi liliungua, na wiki iliyofuata zizi likaungua kulifariji. Mzee Burhani alimpa punda wake jina la Zuberi ili apate kumchapa. Mzee Zuberi, kwa kuwa ni mtu wa mipango, alinunua beberu, akamwita Burhani, akamnenepesha, na siku ya Idi akamla na wageni.

*

Mkandarasi hakujishughulisha na hayo. Kwa kubana matumizi aliyang'oa mawe yote ya mtoni akajengea nguzo, na daraja likakamilika, jeupe, pana, zuri la kupigia picha. Kilichobaki ni kulizindua.

Kila mzee alitaka akate utepe yeye pamoja na Waziri. Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi hupata kura zake nusu mashariki na nusu magharibi, na kwa hiyo ana busara nyingi. Aliamua tepe ziwe mbili, mmoja kila ncha ya daraja, kila mzee na wake. Tulishangilia sana. Kisha mtu mmoja akauliza ni upi utakatwa kwanza, na kikao kikaahirishwa.

Kiliahirishwa kwa miaka. Wakawekwa askari kila ncha, na sheria ikasomwa hadharani kwamba ni marufuku kuukata utepe, kuugusa au kuuruka kabla ya uzinduzi, na atakayevunja atahesabiwa kuwa ameipindua serikali. Kule katikati ya daraja majani yakaota, na ndege wakataga mayai yao kwa amani ambayo wananchi hatuijui. Chini yake mto, uliokwisha kunyang'anywa mawe, ukawa na kina cha kumzamisha mtu mrefu. Daraja lilipokuwa halipo tulivuka, na lilipokuja tukashindwa. Wataalamu huziita hizo changamoto.

Mtoto wa Mzee Zuberi, kijana aliyeitwa Shomari, alifunga mapipa matupu pamoja na mbao, akapata chelezo, akawa anavusha watu papo hapo chini ya daraja, kwa kuwa pana kivuli. Upande wa pili alikuwapo Kidawa, binti wa Mzee Burhani, fundi cherehani asiyekosea mshono. Wizara ndiyo iliyompa kazi ya kushona tepe, maana jua lilikuwa linazipausha, na utepe uliopauka ni tusi kwa taifa. Wa mashariki aliupeleka kwa miguu. Wa magharibi ilibidi avuke nao. Mzee Burhani alikubali kwa shingo upande, akisema kwamba mtu aliyetumwa na serikali hakanyagi kwa adui, anapita tu.

Siku waliyoonana nilikuwa kwenye chelezo hicho hicho na viti vyangu.

"Wewe ndiye unayewashonea mkanda huu?" Shomari aliuliza, akisukuma upondo.

"Ni utepe. Mkanda wa suruali."

"Haya, utepe. Siku ukikatwa mimi sina kazi tena."

"Basi omba Mungu usikatwe."

"Nilikuwa naomba," Shomari alisema. "Leo sijui niombe nini."

Kidawa aligeuka akatazama maji, lakini mimi nilikuwa upande huo wa maji, nikaona anacheka.

Tangu siku ile jua la magharibi lilikuwa kali ajabu. Tepe za upande ule zikaanza kupauka kila baada ya siku chache, hata msimu wa mawingu. Koplo Magohe, askari wa zamu kule, ndiye aliyekuwa akitoa taarifa za upaukaji, na ni kweli kwamba mama yake Shomari, Bi Mwatumu, alikuwa akimpelekea wali wa nazi, lakini mimi siwezi kuunganisha mambo hayo mawili. Kidawa akashona, akavuka, akarudi, akashona tena. Alizidi kunawiri. Hata punda Zuberi akaanza kupunguziwa viboko, maana binti alikuwa akimwombea.

*

Waliponijia walikuja wote wawili, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

"Mjomba," Kidawa alisema, "tunataka utuwie mshenga. Viti vyako vimekaliwa na pande zote mbili, hakuna atakayekufukuza."

"Na wazee wakikataa?"

"Chini huko, kwenye mji wa pili, yuko shehe anayeuliza mashahidi wawili tu," Shomari alisema. "Lakini hatutaki kuoana kama wezi, Mjomba. Mama yangu ana mwana mmoja. Anataka kupiga vigelegele mlangoni kwake."

Kidawa akaongeza kwamba yeye hataki utajiri wala nyumba ya bati jipya. Anataka kuamka asubuhi na kumkuta Shomari yupo, basi. Alisema hivyo waziwazi mbele yangu, mtu wa makamo, na nikaona haya mimi badala yake.

Nilikwenda kwa Mzee Burhani. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha kahawa.

"Na kijana sina neno," alisema. "Kijana ana adabu, ana kazi. Nasikia hata swala hazimpiti. Swali langu ni moja. Siku ya harusi, mshereheshaji atamtambua nani kwanza?"

"Desturi, mzee wangu, ni baba wa bibi harusi. Ndiye mwenye shughuli."

"Umesema kweli. Sasa nenda kamwambie Zuberi hivyo hivyo, kisha uniletee jibu lake."

Nikavuka. Mzee Zuberi naye alinipa kahawa, na tende juu yake.

"Binti simkatai. Mama yake Shomari anampenda kama wa kumzaa," alisema. "Lakini wewe ni mtu mzima, Mjomba Viti. Anayekwenda na posa ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayetambuliwa kwanza. Au Burhani amebadilisha na desturi?"

Nikarudi mashariki, nikarudi magharibi. Nilikunywa kahawa mpaka usingizi ukanihama. Mwisho walikuwa wamekubaliana kila kitu, mahari, siku, mpishi, hata idadi ya kuku, isipokuwa hilo la jina. Wazazi wawili waliowapenda watoto wao walikuwa tayari kuwapa chochote ila nafasi ya pili.

*

Habari zikafika Wizarani kwamba kuna hatari ya watu kuoana bila uzinduzi. Mheshimiwa Waziri akaja mwenyewe na magari yenye vioo vyeusi. Nilipanga viti, akasimama, akatambua uwepo wa kila mtu kwa mpangilio wa alfabeti ili kuepusha lawama, na jua lilipoanza kutuunguza visogo akafika kwenye hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "mapenzi ni miundombinu ya moyo. Serikali yenu sikivu imeyaona mapenzi haya, imeyafanyia tathmini, na imeridhika nayo. Kwa hiyo tumeamua yatumike. Bwana harusi atatoka magharibi, bibi harusi atatoka mashariki. Kila mmoja, kwa niaba ya mzazi wake, atakata utepe wa upande wake kwa sekunde ile ile. Watakutana katikati ya Daraja la Mshikamano, na hapo ndipo watakapofungishwa ndoa. Hakutakuwa na wa kwanza. Hakutakuwa na wa pili. Mvumilivu hula mbivu."

Hata mimi nilisimama nikapiga makofi, na nilipiga kwa moyo. Wazee walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya jiwe la msingi. Hapakuwa na kosa lolote katika mpango ule.

Kamati ziliundwa. Kamati ya Mikasi ilihakikisha mikasi miwili imetoka kiwanda kimoja. Kamati ya Mwendo iliwafundisha bibi na bwana harusi kutembea hatua zilizo sawa, na Shomari akaambiwa apunguze miguu. Kwa ajili ya majina walikodiwa washereheshaji wawili, mmoja kila ukingo na kipaza sauti chake. Wangetazama mpiga ngoma wa serikali aliyepandishwa juu ya gari, na ngoma ikilia wangetamka kwa pamoja, huyu Mzee Burhani, yule Mzee Zuberi, ili majina yafike masikioni yakiwa yamekumbatiana.

Kidawa alipewa kazi ya kushona tepe za mwisho. Kwa kuwa ni za kitaifa, Wizara ilitaka ziwe ndefu za kuzungushwa nguzoni mara kadhaa, na nene zisipeperuke. Alizishona kwa nguo mara tatu na uzi wa turubai ambao nilimpa mimi. Ungeweza kumfunga fahali.

"Hizi ndizo za mwisho, Mjomba," aliniambia, akikata uzi kwa meno. "Sitaki kuona utepe tena maisha yangu. Nitashona nguo za watoto."

*

Siku ikafika. Huko milimani ilikuwa imenyesha, na mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unavuma. Lakini nani aangalie mto na daraja lipo.

Mashariki nilipanga viti, magharibi nilipanga viti. Kidawa alisimama mbele ya utepe wake kwa shela jeupe, na mkasi juu ya mto wa hariri. Ng'ambo, mbele ya utepe wa pili, alisimama Shomari kwa joho na kilemba. Majani ya darajani yalikuwa yameachwa, maana hakuna askari aliyeruhusiwa kukanyaga ili ayafyeke. Wapenzi walitazamana katika urefu wote wa daraja lile tupu, na kutoka nilipokaa niliona Shomari ananyanyua mkono kidogo, kisha akakumbuka itifaki akaushusha.

Hotuba zilikuwa saba. Ya mwisho ilipokwisha mpiga ngoma akanyanyua fimbo. Ngoma ikalia.

Mshereheshaji wa mashariki akatamka, "Mzee Burhani Mtengeti." Yule wa magharibi, Mungu amsamehe, alikuwa anameza mate. Alimeza haraka, sote tulikubali baadaye kwamba ni mate ya kawaida, kisha akatamka, "Mzee Zuberi Chambulo." Lakini jina la Burhani lilikuwa limeshavuka mto.

Mzee Zuberi akanyanyuka.

"Shomari, mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti, "tunaondoka. Nimetambuliwa wa pili mbele ya wageni wangu. Hakuna harusi."

Mzee Burhani, ambaye angeweza kunyamaza, akajibu kwa kipaza sauti chake kwamba wa pili ndiyo nafasi ya Zuberi tangu siku ya jando. Hapo kila ukingo ukalipuka kwa matusi, na viti vyangu vikaanza kutumika kwa namna ambayo sikuvikodisha. Mheshimiwa Waziri akatangaza kwamba sherehe imeahirishwa, na kwamba tume huru itachunguza mate.

Wakati watu wanatukanana, Shomari aliweka mkasi chini taratibu, akavua joho akalikunja, akateremka mtoni kwenye chelezo chake. Darajani hangeweza kupita bila kuipindua serikali. Mto haukuwahi kuzinduliwa, kwa hiyo haukuwa na sheria.

Sijui alivukaje maji yale. Alifika mashariki kanzu imemganda mwilini, na Kidawa alikuwa ameshafika ukingoni akikimbia, shela mkononi. Nilikuwa karibu nikiokota viti.

"Msiende," niliwaambia. "Ngojeni maji yapungue. Kesho wazee watapoa."

"Mjomba, tumengoja mpaka mate," Kidawa alisema. "Mwambie mama nimekwenda kuolewa. Nitarudi kumwamkia."

Akapanda, na Shomari akasukuma upondo.

*

Walikusudia kuteremka na mkondo hadi mji wa yule shehe, na walianza vizuri. Kisha maji yakakigeuza chelezo ubavu, yakakipiga kwenye nguzo ya kati ya daraja, ile iliyojengwa kwa mawe yetu, na mapipa yakatawanyika. Shomari alidaka chuma kilichochomoza kwenye nguzo. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Kidawa. Maji yakawa yanawapita mabegani.

Matusi yalikatika pande zote mbili. Hakuna mwogeleaji ambaye angewafikia. Kutoka juu, darajani, walikuwa karibu sana. Kilichotakiwa ni kitu kirefu, kigumu, cha kuwateremshia.

Koplo Magohe ndiye aliyekiona kwanza. Siku hiyo alikuwa zamu ya mashariki. Akachomoa kisu, akaukabili utepe, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa nikate utepe niwateremshie."

Mheshimiwa alifumbua kinywa. Katibu wa Itifaki, mtu mwembamba anayesimama nyuma yake daima, akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, sote tukasikia. "Mheshimiwa, kukata ni kuzindua. Akikata wa mashariki, mashariki ndio watakuwa wamezindua."

"Na wa magharibi?"

"Ni hivyo hivyo, Mheshimiwa, kwa upande wao."

Hapo Mzee Burhani akakiparamia kipaza sauti. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. "Kateni wa Zuberi," alisema. "Awe yeye wa kwanza. Mtambueni yeye, mimi niacheni. Kateni wa Zuberi mniokolee mwanangu."

Kabla hajamaliza, sauti ya Mzee Zuberi ikavuka mto. "Kateni wa Burhani. Huyo askari yuko hapo hapo, akate. Burhani ndiye wa kwanza. Mimi nakubali, nakubali, kateni wa Burhani."

"Wa Zuberi."

"Wa Burhani."

Katibu wa Itifaki akamwinamia Waziri. "Mheshimiwa, wazee wametofautiana tena."

Mheshimiwa Waziri, ambaye hupata kura zake nusu kwa nusu, akawaomba wazee, kwa heshima na taadhima, wafikie muafaka. Vilio vya wazee wawili vikagongana juu ya mto, kila mmoja akimpa mwenzake kile alichomnyima miaka yote, na kila mmoja akakataa kupewa. Koplo Magohe alikuwa bado amesimama, kisu mkononi, machozi yanamtiririka, akisubiri amri. Katika jeshi letu askari mzuri ni yule anayesubiri amri, na Koplo Magohe alikuwa askari mzuri.

Nilimwona Shomari akimwambia Kidawa jambo, na Kidawa akitikisa kichwa kukataa, na mkono wake ukamzunguka shingoni. Niliinamisha uso. Nilipotazama tena palikuwa na chuma peke yake.

*

Tuliwapata asubuhi kwenye matete ya mashariki, mbali kidogo. Mkono wa Kidawa ulikuwa bado umekamata shela. Nilimfikishia mama yake Kidawa ule ujumbe wa kwamba bintiye atarudi kumwamkia, kwa sababu niliagizwa, na sitaki kusimulia alivyoupokea.

Bi Mwatumu alikuwa ng'ambo. Mwanawe yuko mashariki, chelezo hakipo, na mvushaji ndiye maiti. Akaja hadi kwenye utepe wa magharibi, kajifunga khanga kiunoni. Askari wa zamu akamsomea sheria, maana ndiyo kazi yake. Ni marufuku kuukata, kuugusa wala kuuruka.

Bi Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho.

"Imesema nisiiname?" aliuliza.

Askari akairudia sheria kimoyomoyo. Haikusema. Waliotunga sheria ni wakubwa, na wakubwa wetu hawainami, kwa hiyo halikuwajia akilini, na sisi wengine hufikiri kwa kufuata wakubwa. Mama yule akainama, akapita chini ya utepe. Akatembea daraja zima peke yake, bila haraka, akikwepa viota vya ndege. Akafika kwetu, akainama tena, akatokea, akauliza, "Yuko wapi mwanangu?"

Nyuma yake alikuja Mzee Zuberi, mtu mrefu na mgonjwa wa kiuno. Aliinama kwa shida, kofia ikamwanguka, hakuiokota.

Tepe zile zilikuwa usawa wa kifua. Mtoto wa madrasa angepita chini yake bila hata kujua pana kitu. Jana yake tu walikuwa wamesimama pale wawili wamevaa nguo za harusi, wanatazamana, na kati yao hapakuwa na chochote isipokuwa kitambaa, na maelfu ya watu wazima tumekaa tunangoja ngoma ilie. Nilikuwa miongoni mwao. Niliumia, na mpaka leo nikikumbuka naumia, na sipati wa kumlaumu ambaye hakukaa kwenye kiti changu.

Daraja bado halijazinduliwa. Tume ya mate inaendelea. Watu tunavuka kila siku kwa kuinama, na Wizara imetoa tamko kwamba tunavuka kwa njia isiyo rasmi.

Mazishi yalikuwa mchana wa siku ile ile tuliyowapata, mashariki, makaburi mawili yanayogusana. Alitumwa mshereheshaji kutoka mji mkuu, na Mzee Burhani akamshika mkono kwa upole akamkalisha. Wanawake walibaki nyumbani, na mama hao wawili, nasikia, walikaa mkeka mmoja.

Tulipomaliza kuweka mbao, shehe akasema wazazi ndio waanze kutia udongo. Mzee Burhani akachota akajaza kiganja. Mzee Zuberi naye akachota. Wakasimama ukingoni, bega kwa bega.

"Tangulia, Zuberi," Mzee Burhani alisema.

"Hapana, ndugu yangu. Tangulia wewe."

"Nakuomba. Tangulia."

"Siwezi, Burhani. Wewe kwanza."

Hawakuwa wanagombana. Walisema polepole, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni, akimsihi. Shehe akawasubiri, nasi sote tukawasubiri. Udongo ulikuwa mkavu, ukawa unawadondoka katikati ya vidole kidogo kidogo, mpaka viganja vikabaki vitupu, na hakuna aliyetangulia.